Kizimba na Kiti cha Hakimu: Vichekesho vya Televisheni ya Kenya vya Miaka ya 1990 Vikitazamwa Upya kutoka Nangina

Utangulizi

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili umezoea kuanza na kitabu. Mchezo uliochapishwa huchambuliwa fani na maudhui yake, hutahiniwa shuleni na huandikiwa tasnifu. Mchezo usiochapishwa, hata ukiwa umependwa na umma mzima, hutajwa kwa nadra, na aghalabu hutajwa kwa lawama. Hivyo ndivyo vilivyotendewa vichekesho viwili vya televisheni ya Kenya, Vitimbi na Vioja Mahakamani. Vyote viwili vilianza katika miaka ya 1980, enzi ya Sauti ya Kenya, vikaendelea baada ya idhaa hiyo kugeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) mwaka 1989, na katika miaka ya 1990 vikawa sehemu ya jioni ya nyumba nyingi nchini.

Lawama iliyozoeleka ni kwamba vichekesho hivi viliharibu Kiswahili. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuwa umekifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa. Mwanafunzi aliyefundishwa ngeli asubuhi alirudi nyumbani jioni akamkuta Makokha au Mzee Ojwang akizivunja ngeli hizo mbele ya taifa, na taifa likacheka.

Leo baadhi ya vipindi hivyo vinapatikana tena katika intaneti. Wanaovirudia ni watu wazima waliokuwa watoto wakati ule, nao huvirudia kwa mapenzi. Mapenzi hayo ni haki yao, lakini si uhakiki. Kadhalika lawama ya zamani haikuwa uhakiki, kwa kuwa iliishia kwenye matamshi bila kuuliza matamshi hayo yalikuwa na kazi gani mchezoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika vichekesho hivi lafudhi ilikuwa suala la mamlaka kabla ya kuwa suala la usanifu. Iligawanya jukwaa baina ya wanaosimama kizimbani na anayeketi kwenye kiti cha hakimu. Mtu wa kawaida alipewa kizimba cha kusemea, jambo ambalo taasisi nyingi za wakati huo hazikumpa. Kiti hakupewa.

Mtazamaji na Mahali pake

Hoja hii yaonekana wazi zaidi inapotazamwa kutoka pembezoni kuliko kutoka Nairobi au Mombasa. Nangina ni mahali panapofaa. Pako Samia, karibu na Funyula, katika Busia ya Kenya, na panajulikana zaidi kwa misheni na hospitali yake ya Kikatoliki. Barabara yake yaunganisha mji wa Busia, ulio mpakani, na Sio Port, iliyo ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Majirani zao ni Wamarachi, Wakhayo na Wanyala, ambao lugha zao ni za jamii moja na Kisamia. Pia Wajaluo, na kuelekea Malaba, Wateso, ambao lugha zao ni za jamii nyingine kabisa.

Katika mazingira hayo Kiswahili si lugha ya mama ya mtu yeyote, ila ni lugha ya watu wote wakutanapo. Ni lugha ya sokoni, ya shule, ya kituo cha polisi na ya baraza la chifu. Kila mmoja huja nayo kutoka lugha yake, na kila mmoja hutambuliwa kwa namna aisemavyo. Yafaa ikumbukwe kwamba eneo hili si mpokeaji tu wa maneno ya Kiswahili. Neno bodaboda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa kwa waendesha baiskeli waliobeba abiria baina ya vituo vya mpaka vya Busia na Malaba, wakiita kwa tamshi lao lile neno la Kiingereza la mpaka. Wanaoshikilia kwamba lafudhi ya bara huharibu lugha hawana budi kulieleza neno hilo.

Televisheni yenyewe ilikuwa adimu. Umeme wa taifa haukuwa umefika katika nyumba nyingi za mashambani, na palipokuwa na televisheni, mara nyingi ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, hasa yenye chapa ya Great Wall, ikiendeshwa kwa betri ya gari iliyopelekwa sokoni kutiwa moto. Nyumba moja ilikuwa ukumbi wa majirani. Jambo hili lina uzito katika uhakiki, kwa maana vichekesho hivi havikutazamwa na mtu mmoja mmoja faraghani. Vilitazamwa na hadhira iliyokaa pamoja, yenye wazee wasiojua Kiingereza na watoto waliokuwa wakijifunza Kiswahili cha vitabuni, kama hadithi za jioni zilivyosikilizwa zamani. Michezo ya kigeni iliyopendwa katika muongo huo, kama ule wa Kimeksiko ulioitwa The Rich Also Cry, iliingia nchini ikiwa imetiwa sauti za Kiingereza, na ilihitaji mtoto mmoja wa kuwafasiria wazee. Vitimbi na Vioja havikuhitaji mfasiri.

Lafudhi kama Kinyago

Mhusika mkuu wa Vitimbi, Mzee Ojwang Hatari, alikuwa mzee wa nyumba mwenye majigambo, na Kiswahili chake kilitamkwa kwa lafudhi ya Kijaluo. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Mkewe katika mchezo, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere, ambaye kwa asili ni Mluhya. Kwa hiyo nyumba ya Kijaluo iliyojulikana kuliko zote katika televisheni ya Kenya iliongozwa na watu wawili wasiokuwa Wajaluo.

Ukweli huu umesimuliwa mara nyingi kama ajabu ya kuchekesha, lakini thamani yake kwa mhakiki ni kubwa zaidi. Unaonyesha kwamba lafudhi ya jukwaani haikuwa kasoro ya mwigizaji aliyeshindwa na Kiswahili. Ilikuwa kinyago alichokichonga na kukivaa. Lugha ya mama ya Wanjau ilikuwa na matatizo yake katika kutamka Kiswahili, na hayo siyo aliyoyaigiza. Ilimpasa kwanza aisikilize lafudhi ya wengine kwa makini, kisha aitoe kwa namna ambayo Mombasa ingeitambua sawasawa na Kisumu. Hiyo ni sanaa, na sanaa hiyo yataka sikio la mwanaisimu.

Kinyago, hata hivyo, huchagua. Lafudhi halisi ina kanuni. Mzungumzaji wa Kijaluo, ambaye lugha yake haina sauti za sh na z, huelekea kusema samba kwa shamba na sawadi kwa zawadi. Mzungumzaji wa lugha nyingi za Kiluhya huelekea kuzifanya sauti ghuna b, d, g na j zisiwe ghuna, hata baba ikasikika papa, dawa ikasikika tawa na gari ikasikika kari. Lakini sauti hizo zinapofuata ung'ong'o hubaki kama zilivyo, kwa kuwa lugha zenyewe zinazo mahali hapo: ng'ombe hubaki ng'ombe, ndizi hubaki ndizi. Hivyo jambo laweza kuwa chambo, maana ikabadilika kabisa, na mb iliyo ndani yake isiguswe. Lafudhi ya jukwaani mara nyingi haijali mipaka hiyo. Huchukua alama mbili au tatu zinazotambulikana upesi na kuzirudia, kwa sababu kazi yake ni kumtambulisha mhusika kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Hapa ndipo mtazamaji wa Nangina anapotofautiana na yule wa mjini. Yeye huisikia lafudhi halisi ya Kijaluo na ya Kiluhya kila siku ya soko. Jina Makokha kwake si jina la kuchekesha. Ni jina la jirani, au la mwalimu, au la mzee wa kanisa. Anapomwona Makokha wa Vioja Mahakamani akichekwa kwa kusema papa, anajua kwamba anayechekwa anafanana naye, na anajua pia kwamba anayefanana naye ameingia katika televisheni ya taifa bila kubadili jina. Kicheko chake kina pande mbili, na si halali kwa mhakiki kuufuta upande mmoja. Wanaosema kwamba vichekesho hivi vilidhalilisha makabila husahau fahari ile ya kusikika. Wanaosema kwamba viliunganisha taifa husahau kwamba fahari hiyo ililipiwa.

Tena wakati wenyewe haukuwa wa mchezo. Katika miaka ya 1991 na 1992 mapigano ya kikabila yaliwang'oa watu majumbani mwao katika Bonde la Ufa na Kenya Magharibi, na yakarudi mahali pengine mwaka 1997. Kutamka neno vibaya kuliweza kumfichua mtu kabila lake mahali ambapo kufichuliwa kulikuwa hatari. Katika nchi ya namna hiyo, Mkikuyu aliyevaa kinyago cha Mjaluo na kupendwa na Wajaluo wenyewe alikuwa akionyesha, pengine bila kukusudia, kwamba lafudhi yaweza kuazimwa na kurudishwa pasipo damu.

Mahakama Isiyo na Mkalimani

Vioja Mahakamani kina muundo sahili. Mshtakiwa huletwa kizimbani, husomewa mashtaka, kiongozi wa mashtaka humhoji, mashahidi huja, naye hujitetea kwa maneno mengi kuliko yanayohitajiwa. Mwisho hakimu hutoa hukumu. Ucheshi hutoka katika utetezi. Mshtakiwa huulizwa jambo moja akajibu jingine, huligeuza swali, na huieleza mahakama mambo ya nyumbani kwake ambayo haikuyataka.

Muundo huu una mizizi katika fasihi simulizi. Mmoja wa washtakiwa mashuhuri wa kipindi hicho aliitwa Ondiek Nyuka Kwota. Kwa Kijaluo ondiek ni fisi, na nyuka ni uji. Fisi wa ngano za Afrika Mashariki ndiye mlafi anayekamatwa na kuadhibiwa, kisha hadithi ifuatayo ikamkuta ameanza tena kama kwamba hakuadhibiwa jana. Ondiek na Makokha walikuwa wahusika wa jinsi hiyo. Hukumu ya wiki hii haikuwazuia kurudi kizimbani wiki ijayo kwa kosa jipya, na hadhira haikuona ajabu, kwa kuwa ilikwisha kuzoezwa na ngano.

Hata hivyo jambo kubwa katika Vioja si la kingano bali ni la kilugha, nalo halikutiliwa maanani na waliokilaumu. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa mashauri ya jinai, katika kifungu cha 198, iliweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu, na Kiingereza au Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za chini. Ruhusa hiyo ya Kiswahili ilikuwa na mpaka wake, kwani hata katika mahakama ndogo kumbukumbu za shauri kwa kawaida ziliandikwa kwa Kiingereza, na baina ya mshtakiwa na hakimu alisimama karani mkalimani. Mtu wa Samia aliyepelekwa mahakamani Busia kwa kosa la magendo, au la kuvuka mpaka bila hati, alieleza habari yake kwa lugha moja, nayo ikaandikwa kwa lugha nyingine asiyoweza kuikagua. Kisa chake kilimfikia hakimu kikiwa kimefupishwa, na lililofupishwa kwanza lilikuwa lile alilolithamini zaidi, yaani sababu.

Mahakama ya Vioja ilimwondoa mkalimani. Hakimu, kiongozi wa mashtaka, polisi na mshtakiwa wote walisema Kiswahili, na mshtakiwa alisikilizwa mpaka mwisho pamoja na makosa yake yote ya sarufi. Hakuna aliyemwambia arekebishe upatanisho wa kisarufi kwanza. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyokuja kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Kipindi cha vichekesho kilikuwa kimekwisha kuigiza mahakama ya namna hiyo miaka mingi kabla.

Umuhimu wa kumwondoa mkalimani hudhihirika zaidi kwa kulinganisha na burudani nyingine ya miaka hiyo upande wa pili wa mpaka. Katika vibanda vya video vya Uganda ilizuka sanaa ya mfasiri aliyekaa karibu na mashine, akiifasiri filamu ya kigeni kwa Kiganda huku inaendelea, akiongeza maelezo na mzaha wake. Tanzania nayo ilimpata Lufufu, aliyeifanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Hapo mkalimani ndiye msanii, na wahusika wa filamu wako chini ya ulimi wake. Vioja kilifuata njia kinyume. Msanii wake alikuwa mtu ambaye kwa desturi hufasiriwa, na sasa alijisemea mwenyewe.

Kiti Kisichobadilika

Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini basi vichekesho hivi visihesabiwe kuwa fasihi ya ukombozi? Jibu liko katika kile kiti. Katika Vioja hakimu kwa kawaida husema Kiswahili kilicho sawa, chenye sarufi kamili na lafudhi isiyomtambulisha kabila. Kiongozi wa mashtaka humkaribia. Kadiri mhusika anavyoshuka kutoka kitini kuelekea kizimbani, ndivyo lafudhi inavyozidi kuwa nzito. Mpangilio huu hautangazwi mchezoni na pengine haukukusudiwa, lakini hadhira hufundishwa nao kila wiki: usanifu ni sauti ya anayehukumu, na lafudhi ni sauti ya anayehukumiwa. Mtoto wa Nangina aliyejifunza Kiswahili sanifu shuleni aliweza kuona kwamba ili aketi pale juu ilimpasa kwanza aache kusema kama baba yake.

Yaweza kujibiwa kwamba kipindi kilikuwa na madhumuni ya kuelimisha umma kuhusu sheria, na kwamba hakimu mwenye kuchekesha angeivunjia mahakama heshima. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo linaloithibitisha hoja. Heshima ya mahakama ilidhaniwa kuwa haiwezi kukaa pamoja na lafudhi ya Kisamia. Mahakimu halisi wa Kenya walikuwa na lafudhi zao kama watu wengine. Ni mchezo uliowavua.

Sababu nyingine ni mwenye idhaa. KBC ilikuwa ya serikali. Mpaka Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa, nchi ilikuwa na chama kimoja kwa sheria. Waandishi waliojaribu kuigiza haki kwa uzito walikuwa wamekwisha kuona matokeo yake: Alamin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki, alitiwa kizuizini mwaka 1982. Katika hali hiyo mchezo wa mahakama uliruhusiwa kila wiki kwa sharti ambalo halikuhitaji kuandikwa, yaani mshtakiwa aseme apendavyo, lakini neno la mwisho liwe la kiti. Kosa lilikuwa la mlevi, la mwizi wa kuku, la mume mgomvi. Kosa la mwenye cheo halikuletwa kizimbani.

Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa muongo huo kutoka kwingine. Kundi la Redykyulass, lililokuwa na Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, lilimwigiza Rais Moi mwenyewe katika televisheni ya Nation, pamoja na sauti yake na namna yake ya kusema. Kwa mara hiyo kinyago cha lafudhi kilivalishwa mtawala, na kicheko kikapanda. Lakini sehemu kubwa ya mchezo huo ilikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hadhira ya wazee iliyokusanyika kwenye betri moja ilirudi kumhitaji mtoto wa kuwafasiria. Kilichopatikana kwa upande wa siasa kilipotea kwa upande wa lugha, na kichekesho kilichounganisha yote mawili, yaani kiti chenye lafudhi katika mchezo wa Kiswahili wa umma mzima, hakikupatikana katika muongo huo.

Hitimisho

Vitimbi na Vioja Mahakamani haviwezi kuondolewa katika historia ya tamthilia ya Kiswahili kwa hoja ya usanifu. Waigizaji wake walizichunguza lafudhi za nchi kwa bidii, wakazifanya vinyago, na kwa vinyago hivyo wakaigiza mahakama ambamo mtu wa kawaida alisikilizwa bila mkalimani. Hayo ni mafanikio makubwa. Upungufu wao ni kwamba waliigawa lugha kwa vyeo, wakamwachia hakimu usanifu na mshtakiwa lafudhi, na kwa kufanya hivyo walikubaliana na walimu waliowalaumu kuliko pande zote mbili zilivyojua.

Kazi iliyobaki ni ya idara za lugha. Vipindi vinavyopatikana vinastahili kunakiliwa kwa maandishi, pamoja na matamshi yake, ili lafudhi ya jukwaani ilinganishwe na lafudhi halisi ya Samia, Ugenya au Teso, na ijulikane mwigizaji alichagua nini na aliacha nini. Vilevile inafaa viingizwe katika somo la tamthilia, visomwe bega kwa bega na michezo iliyochapishwa. Kazi hiyo yapaswa kufanywa wakati ambapo wazee waliovitazama katika televisheni za betri wangali hai, kwani wao ndio wanaoweza kueleza ni wapi walipocheka, na ni wapi walipocheka kwa kuwa wengine wamecheka.